Siku Niliyomsamehe Mtoto Asiye na Kosa

Jumatatu ya tarehe 23 Septemba 2013, jumba la maduka la Westgate hapa Nairobi, lililovamiwa na magaidi wa al-Shabaab, likiwa bado linafuka moshi na risasi zikisikika ndani, msichana mmoja wa kidato cha pili alinifuata hadi mlango wa chumba cha walimu. Nitamwita Ifrah, ingawa silo jina lake. Alikuwa ameshika ncha ya hijabu yake, anaikunja na kuikunjua kidoleni. Akasema, "Mwalimu, naomba msamaha. Sisi si watu wa namna hiyo."

Nami nikamjibu, "Najua, mwanangu. Nimekusamehe. Nyinyi wa kwenu ni watu wazuri."

Nikaingia darasani moyo umetulia, nikijiona nimetenda wema. Miezi ilipita kabla sijatambua nilichokifanya. Mtoto wa miaka kumi na mitano aliomba msamaha kwa damu ambayo hakuimwaga, na mimi, mtu mzima, mwalimu wa historia na Kiswahili, nikaupokea kama mtu anayelipwa deni lake.

Deni lenyewe nilikuwa nimelibeba miaka kumi na mitano. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, kaka yangu mkubwa alikuwa kazini katika jengo lililo karibu na ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Ilikuwa saa nne na nusu hivi asubuhi. Ananiambia kwanza walisikia mlio, si mkubwa sana, kisha kelele za watu. Ofisi nzima ikaacha meza ikakimbilia dirishani kutazama kuna nini. Ndipo bomu lenyewe likalipuka. Ndiyo maana wengi walipofuka siku ile: vioo viliwakuta nyuso zao zikiwa dirishani. Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam, asubuhi hiyo hiyo, watu 11. Jengo la Ufundi House liliporomoka lote, na nchi nzima ikakesha ikimwombea mama mmoja aliyekuwa akisikika chini ya kifusi. Akafa kabla hajafikiwa. Mimi nilimpata kaka siku ya pili wodini, uso umefungwa bendeji wote. Nilimtambua kwa viatu.

Kaka alijifunza maisha upya. Alijifunza kazi ya simu, akajifunza kukunja noti ya mia kwa namna moja na ya mia mbili kwa namna nyingine ili konda asimpunje. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kusimama akatangaza chuki. Ilikuwa ni sauti tu iliyoshuka kidogo kila neno "Waislamu" lilipotajwa. Mama aliacha kununua unga kwenye duka la mzee mmoja wa Majengo aliyekuwa akitukopesha tangu nikiwa mdogo. Hakumwambia sababu. Mzee naye hakuuliza; nadhani alijua.

Ninayaeleza haya kwa sababu wengi wanaozungumza juu ya chuki dhidi ya Waislamu huizungumza kama ugonjwa wa watu wabaya. Mama yangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mama wa kijana aliyepofuka, na uchungu wake ulitafuta mahali pa kukaa, ukampata muuza unga.

Kisha ukaja mwaka wa 2014. Tarehe 23 Machi watu walipigwa risasi wakiwa ibadani kanisani Likoni, Mombasa. Tarehe 31 Machi mabomu yakalipuka Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, watu sita wakafa. Siku chache baadaye serikali ikaanzisha operesheni ya Usalama Watch. Maelfu walikamatwa, wengi wao Wasomali, Wakenya kwa wakimbizi. Uwanja wa Kasarani, ambako wanafunzi wangu walikuwa wakienda kutazama mpira, ukageuzwa mahali pa kuhakiki watu. Mtaani polisi waliozoea kuvuna hongo Eastleigh walikuwa na jina lao la zamani kwa Msomali: walimwita ATM.

Shule zilipofunguliwa Mei, madawati kadhaa yalikuwa matupu. Ifrah alirudi baada ya wiki moja. Alikuwa amekonda.

Nilikuwa mlezi wa Chama cha Kiswahili, na wanafunzi wenyewe ndio waliopendekeza hoja ya mdahalo wa muhula: "Usalama wa wengi ni bora kuliko haki za wachache." Desturi yetu ilikuwa kuchota karatasi kofiani, uangukie upande wowote, uutetee. Ifrah akachota "Kuunga mkono."

Nilimwita pembeni nikamwambia nitambadilishia. Nilidhani namhurumia. Akanitazama, akasema: "Mwalimu, tangu mwaka jana kila mtu ananiuliza niko upande gani. Leo nimepewa upande kama mtu mwingine yeyote. Niache."

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nimeshiriki mabishano mengi juu ya ugaidi, kanisani, kwenye matatu, kwenye chumba cha walimu. Kila mara Mwislamu alipokuwepo, sisi wengine tulikuwa tunajadili na yeye alikuwa anajitetea. Sisi tuliuliza, "Je, ni halali serikali kumzuia mtu siku tisini?" Yeye aliulizwa, "Mbona hamkemei?" Hata akikemea, tulipima sauti yake kama imekemea vya kutosha. Mtu wa namna hiyo hawezi kukwambia fikra yake ya kweli. Hana nafasi. Akili yake yote iko kwenye kujiokoa.

Mdahalo ulifanyika Ijumaa alasiri kwenye bwalo. Msemaji wa kwanza wa upande wa Ifrah alikuwa kijana mwenye sauti nzuri, na alikuja na methali ambayo kila mtoto wa Kenya ameikariri: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Watoto wakapiga makofi. Makofi yale yaliniogopesha, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeifundisha methali hiyo miaka mingi bila kujiuliza inamwelekea nani.

Ifrah alisimama wa pili. Alianza kwa kumpinga mwenzake wa upande wake mwenyewe.

"Methali hiyo ni ya samaki walio kapuni," alisema. "Samaki wa kapuni wameshakufa. Samaki walio hai baharini, mmoja akioza, wenzake wanaogelea. Sisi tuko hai."

Kisha akaendelea, na hapa nanukuu kwa kadiri ninavyokumbuka: "Bomu la mwezi wa tatu lililipuka kwetu. Halikulipuka Karen kwa matajiri. Basi nani anataka polisi kuliko mimi? Nataka waje. Nataka waje hata usiku wa manane, wabishe mlango wa mtu waliyemfuatilia wakamjua, wamkamate, wampeleke kortini. Lakini walikuja wakachukua orofa nzima. Baba mdogo alikuwa na kitambulisho cha Kenya. Askari akakitazama, akasema hiki kinanunuliwa. Amelala ndani siku tatu. Tumetoa elfu kumi, akatoka. Sasa nawauliza wenzangu tunaounga mkono hoja: ikiwa baba mdogo, fundi wa simu, ametoka kwa elfu kumi, gaidi aliyetumwa na watu wenye pesa atatoka kwa ngapi?"

Bwalo lilinyamaza. Mtunza saa alisahau kupiga kengele.

"Naunga mkono hoja," akamaliza. "Usalama wa wengi ni bora. Na mimi ni mmoja wa wengi."

Nimefundisha zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kusikia hoja ikigeuzwa vile. Sote tulikuwa tumeisoma sentensi ile tukijua bila kuambiwa kwamba "wengi" ni sisi na "wachache" ni wao. Wapinzani, waliokuja wamejiandaa kumtetea, wakabaki hawana wa kumtetea.

Msemaji wao wa mwisho, kijana nitakayemwita Mwangi, alikunja karatasi yake ya vifungu vya Katiba. Akasema babu yake alikamatwa hapa hapa Nairobi akiwa kijana, akapelekwa kambi ya kizuizi ya Manyani, na hakuna aliyewahi kumweleza kosa lake ni lipi. Ndipo nami, kama mwalimu, nikaomba dakika tano. Tarehe 24 Aprili 1954, karibu miaka sitini kamili kabla ya operesheni ile, serikali ya mkoloni ilizunguka Nairobi kuwasaka Mau Mau, kwa operesheni iliyoitwa Anvil. Ilipekua mitaa ya Eastlands nyumba kwa nyumba, ikawatenga Wakikuyu, Waembu na Wameru. Wasaliti waliofunikwa magunia walitikisa kichwa, na kutikisa kichwa huko kukawa hukumu. Zaidi ya watu 20,000 waliishia kizuizini. Niliwaambia wazi kwamba simfananishi mpigania ardhi na anayewafyatulia risasi watu dukani. Nilichofananisha ni chombo: kumkamata mtu kwa jina na sura, kisha kumwachia yeye kazi ya kuthibitisha kwamba hana hatia. Watoto waliokuwa wakipiga makofi ya samaki walikuwa wajukuu wa watu walioozeshwa kapuni.

Lakini siwezi kusimulia siku ile nikaacha swali gumu zaidi. Msichana mmoja aliinua mkono akauliza: "Westgate waliwauliza watu maswali ya dini, aliyejua akaachwa, asiyejua akauawa. Mbona tunaambiwa dini haihusiki?" Nilitaka kulizima. Nilidhani heshima ni kunyamaza. Ifrah hakusubiri. Alisema dini inahusika kwa sababu ndilo jina wanalolitumia, na Westgate pia waliuawa Waislamu. Akasema imamu wa msikiti wao hulikemea jambo hilo Ijumaa baada ya Ijumaa, naye ndiye anayetishiwa. Mwezi uliofuata, Juni, Sheikh Mohamed Idris, mwenyekiti wa baraza la maimamu na wahubiri, aliyepinga siasa kali waziwazi, alipigwa risasi Mombasa akafa. Nilikumbuka jibu la mtoto yule. Tulikuwa tukiwadai Waislamu wakemee, na waliokuwa wakikemea walikuwa wakifa bila sisi kujua majina yao.

Upande wa pili wa mambo ulikuwa mzito vilevile. Wahubiri wa siasa kali Aboud Rogo, mwaka wa 2012, na Abubakar Shariff, aliyeitwa Makaburi, tarehe 1 Aprili 2014, walipigwa risasi Mombasa barabarani. Mahubiri yao niliyachukia, na nayachukia hadi leo. Lakini mwanafunzi aliponiuliza kama kuuawa kwao ni haki, nilisema hapana. Nilitaka kuwaona kizimbani, ushahidi usomwe, vijana waliowasikiliza wausikie. Mhubiri aliyeuawa gizani anabaki na wafuasi wasiosikia hukumu yake. Wenzangu kadhaa hawakulipenda jibu hilo, na nawaelewa.

Jioni ile nilimsimulia kaka. Sikutarajia alichosema.

"Wewe una macho, ndiyo maana unaweza kuona pande mbili," alisema. "Mimi nikisikia watu maelfu wamekamatwa, nasikia maelfu ambao usiku wa leo hawatalipua kitu. Asiye na hatia atarudi nyumbani. Macho yangu hayatarudi."

Sikuwa na jibu. Hata sasa sina jibu la kumtosheleza mtu aliyelipa namna ile, na simwamini yeyote anayelitoa haraka. Wanaotetea haki wakimpita mtu kama kaka bila kusimama, wakamwita mbaguzi wakaendelea na safari, wanafanya kile kile wanachokikataa.

Siku nne baadaye, tukinywa chai, aliuliza ghafla: "Yule mtoto wako. Baba yake mdogo alirudi?"

"Alirudi."

"Lakini alilipa."

"Walilipa, ndiyo."

Akaweka kikombe chini taratibu, akitafuta meza kwa kidole kama kawaida yake. "Basi hawakumkamata kwa ajili yangu," alisema. Hakuongeza neno.

Mwisho wa muhula nilikwenda Eastleigh kwa kina Ifrah. Nilitaka kuurudisha ule msamaha. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na mama yake alipokwisha kuleta chai ya viungo na sambusa, nikasema: "Ifrah, ile Jumatatu ya Westgate uliniomba msamaha nikakusamehe. Sikuwa na haki hiyo. Nakuomba radhi."

Alitafakari kidogo. "Sikumbuki, Mwalimu," alisema. "Wiki ile niliwaomba msamaha walimu wote."

Bibi yake alikuwa ameketi kwenye mkeka pembeni, akifuata mazungumzo kwa Kiswahili chake cha Garissa. Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na bahasha. Ndani mlikuwa na kadi ya rangi ya waridi. Mwaka wa 1989 serikali iliwaamuru Wasomali wote wa Kenya wahakikiwe upya, na aliyekubaliwa kuwa Mkenya alipewa kadi hiyo ya kuonyesha pamoja na kitambulisho. Nilikuwa nikifundisha historia ya Kenya kwa miaka yote hiyo na sikuwahi kuiona kadi ile, wala haikuwemo kwenye kitabu nilichofundishia. Bibi alisema, "Hii niliiweka, kwa sababu wakija tena wataitaka." Niliishika kwa mikono miwili. Ilikuwa imefungwa kwa nailoni isilowe.

Baada ya siku ile nilianza kuona vitu ambavyo vilikuwa mbele yangu siku zote. Mwanafunzi mwenye jina la Kikamba akifika miaka kumi na minane hujaza fomu akasubiri kitambulisho. Ifrah aliitwa mbele ya kamati ya wazee wamhakiki, aeleze ukoo na kisima cha babu yake, msichana aliyezaliwa Pumwani. Ni mwaka wa 2025 tu ndipo rais alipotangaza kuufuta uhakiki huo wa kibaguzi. Ni vigumu kumwambia kijana atoe habari za wahalifu kwa serikali ambayo bado inamuuliza yeye ni nani. Na habari ndizo zinazomkamata gaidi. Mtu aliyeona sura ngeni kwenye ngazi za jengo lao ndiye anayejua, na anayejua hasemi kama anaamini atakayelala ndani ni yeye.

Tarehe 2 Aprili 2015 wakauawa watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa, 142 kati yao wanafunzi. Jumanne baada ya Pasaka, gwaride la asubuhi, mwalimu mwenzangu alitaka mwanafunzi Mwislamu asimame mbele asome tamko la kulaani. Alitaka mema, naamini hivyo. Nilikataa. Tulibishana mbele ya wenzetu mpaka sauti zikapanda. Aliniuliza kama ninaona haya kuwakwaza kuliko kuwalilia waliokufa. Nikamwambia: tuwalilie sote, asome yeyote anayetaka kusoma, lakini asichaguliwe mtoto kwa hijabu yake. Hatukuzungumza muhula mzima. Kulikuwa na msichana wa kidato cha kwanza aliyempoteza binamu Garissa; alikuwa amekaa peke yake chini ya mjakaranda. Nilipotoka kwenye yale mabishano nilimkuta Ifrah ameketi naye, mkoba wake umewatenganisha, wote kimya.

Desemba ile kaka ndiye aliyenipigia simu. Alikuwa amesikiliza redio. Basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa karibu na El Wak, washambuliaji wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo, na abiria Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wamewapa Wakristo vitambaa vya kujifunika. Mmoja wa waliokataa, naibu mwalimu mkuu aliyeitwa Salah Farah, alipigwa risasi, na akafariki Januari. "Alikuwa mwalimu kama wewe," kaka alisema. Baada ya hapo alinyamaza kwa muda mrefu, nikidhani laini imekatika. "Wale hakuna aliyewaambia wakemee," akasema.

Bado hatukubaliani kwa mengi, mimi na yeye. Angali anataka sheria kali, nami nataka sheria inayopita kortini. Mahakama Kuu ilipobatilisha vifungu vinane vya sheria ya usalama Februari 2015, yeye alikasirika, mimi nikavibandika ubaoni. Lakini tunajadili. Wala hamtaji tena mtu yeyote kwa "wao."

Tarehe 15 Januari 2019, Jumanne alasiri, mlipuko ulisikika Riverside hapa Nairobi, kwenye majengo ya hoteli ya DusitD2. Watu 21 waliuawa katika shambulio hilo. Baadaye tulikuja kujua kwamba mmoja wa washambuliaji, Ali Salim Gichunge, hakuwa Msomali, na sikusikia mtu yeyote akienda kwa kabila lake kudai msamaha. Lakini alasiri ile hatukujua lolote. Nilikuwa nasahihisha madaftari simu ilipolia. Ilikuwa Ifrah, aliyekuwa ameshaanza kazi.

"Mwalimu, kaka yako yuko mjini leo?"

"Yuko nyumbani. Na nyinyi?"

"Dada yangu anafanya kazi upande huo huo, Chiromo. Simu yake haishiki."

"Nipe namba yake."

Nikaiandika nyuma ya daftari la mtoto. Yeye akawa anapiga, mimi napiga, na kaka, aliyesikia naongea, akaomba namba hiyo naye aipige kwa simu yake. Vidole vyake vinazijua tarakimu kuliko macho yangu. Tulipokezana hivyo, watatu, kila baada ya dakika chache, tukipashana habari kwamba bado. Saa mbili kasoro usiku laini ya kaka ikaita, na sauti ya msichana ikauliza, "Haloo, nani mwenzangu?"